Mzazi, zijue dalili za mtoto anayetumia dawa za kulevya

Mvulana huyo alikuwa na umri wa miaka 15 na alikuwa katika kidato cha pili mamake alipomleta kwangu kwa mara ya kwanza. Shida yake ilikuwa macho mekundu. Niliyachunguza, nikamuuliza kama yanamwasha, akaitikia kwa kichwa. Mitaa mingi ya Nairobi imejaa vumbi na moshi wa magari, na mzio wa macho ni maradhi ya kawaida sana miongoni mwa watoto wetu. Nikamwandikia dawa ya kutia machoni, kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Baada ya wiki sita walirudi. "Daktari, dawa ile ilimsaidia sana, lakini imekwisha na macho yamekuwa mekundu tena," mama akasema. Nikaandika nyingine. Nilipokuwa nikiandika, mama aliendelea kuzungumza. Alisema kijana siku hizi akirudi jioni anakula chakula cha watu wawili. Ameacha kucheza mpira aliokuwa akiupenda. Mwalimu amelalamika kwamba anasinzia darasani. Nilitabasamu nikamjibu, "Mama, huyu ni kijana anayekua."

Miezi minne baadaye mama alinipigia simu saa nane za usiku. Mwanawe alikuwa amejifungia chooni, akipiga kelele kwamba kuna watu ukutani wanaomtukana. Ndani ya soksi zake za shule mama alikuwa amepata misokoto mitatu ya bangi, na pamoja nayo chupa ya dawa ya macho niliyomwandikia. Kijana hakuwa na mzio wowote. Alikuwa akitia dawa ile kila jioni kabla ya kuingia nyumbani ili wekundu utoweke. Dawa yangu ndiyo iliyomficha.

Nimebadilisha mambo machache ili familia hiyo isitambulikane, lakini kosa langu nimeliacha jinsi lilivyokuwa. Mama yule alikuwa ameniletea dalili zote siku ile. Mimi nilisikia macho tu. Yeye naye alikuwa ameziona zote kwa miezi kadhaa, lakini kila moja aliitafutia sababu yake: ulaji ni ukuaji, usingizi ni masomo mengi, mpira ni kuchoka. Hakuna aliyezijumlisha. Na hilo, mzazi, ndilo somo la leo.

DALILI MOJA HAITOSHI

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, wingu moja halileti mvua. Kijana wa miaka 13 hadi 19 hubadilika bila dawa yoyote. Atataka mlango wa chumba chake ufungwe, atajibu kwa mkato, atalala mpaka saa tano siku ya Jumamosi na atawaona wazazi wake kuwa watu wa kale. Ukimshuku kwa sababu ya jambo moja kama hilo utamwonea.

Jambo la kutafuta ni mabadiliko kadhaa yanayotokea kwa wakati mmoja, na ambayo hayaondoki baada ya wiki mbili au tatu. Nawashauri wazazi wachukue daftari dogo na kuandika kile wanachokiona, pamoja na tarehe. Usiandike "amekuwa mbaya." Andika, "Jumatatu amerudi saa mbili usiku, macho mekundu, hakutaka kusalimia mtu." Baada ya wiki mbili soma kurasa zote pamoja. Aghalabu daftari litakuonyesha jambo ambalo moyo wa mzazi ulikuwa ukikataa kuliona, au litakutuliza kwamba hofu yako haikuwa na msingi.

MAMBO YA KUANDIKA

Kwanza, shule. Je, alama zimeshuka ghafla? Je, anaondoka nyumbani akiwa amevaa sare lakini mwalimu wa darasa anasema hakufika? Usingoje ripoti ya mwisho wa muhula. Mpigie mwalimu simu.

Pili, marafiki. Marafiki wa zamani wakitoweka wote kwa pamoja, na wapya wasitake kuingia ndani kukusalimia, uliza kwa nini. Angalia pia kama ameacha michezo, kwaya, kanisa, madrasa au jambo jingine lililokuwa likimfurahisha.

Tatu, pesa. Nauli inayopotea kila wiki, vitu vidogo vinavyotoweka nyumbani, simu "iliyoibwa" kwenye matatu mara mbili kwa muhula, au pesa zinazoingia na kutoka kwenye simu yake asipoweza kueleza. Kinyume chake pia ni dalili: kijana mwenye pesa nyingi ambazo hukumpa huenda anatumiwa kuuza.

Nne, mwili. Usingizi mwingi au kukosa usingizi, kukonda, kutojali usafi, kutetemeka mikono, maneno kukokotana na kutembea kwa kuyumba. Tazama mboni za macho katika mwanga wa kawaida. Mboni zilizotanuka sana au zilizokuwa ndogo kama ncha ya sindano zinakupasha habari.

Tano, vitu. Karatasi nyembamba za kusokotea, viberiti vya gesi kwa mtoto ambaye hapiki, vipande vya karatasi ya fedha vilivyoungua, sindano, chupa tupu za dawa ya kikohozi, vijaluba vya tembe zisizokuwa zake, uvumba au manukato mengi chumbani, na dawa ya macho ambayo hakuna daktari anayejua kwa nini anaitumia. Siku hizi ongeza sigara za elektroniki, ambazo baadhi yake zinafanana na kalamu au kifaa cha kompyuta na hunukia matunda au peremende badala ya moshi.

KILA DAWA INA ALAMA ZAKE

Bangi huleta macho mekundu, mdomo mkavu, njaa kubwa, kicheko kisicho na sababu na usahaulifu. Wapo wanaoivuta na wapo wanaoila ikiwa imechanganywa katika keki au biskuti. Inayoliwa huchelewa kufanya kazi, pengine saa moja au mbili, hivyo mtoto hudhani haina nguvu na kuongeza nyingine mpaka azidiwe. Kwa baadhi ya vijana bangi huvuruga akili, wakasikia sauti au kudhani kuna watu wanaowafuata. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, ndiyo maana anayeanza akiwa na miaka 14 yumo hatarini zaidi kuliko anayeanza akiwa mtu mzima.

Miraa na muguka huchangamsha. Mtoto huongea sana, hakosi peremende za kutafuna na soda, hali chakula na halali usiku. Kesho yake huwa mnyonge na mwenye hasira. Mboni hutanuka, choo huwa kigumu. Miraa ni zao halali nchini na wengi wetu tumeizoea, kwa hivyo wazazi huidharau. Mnamo Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kupiga muguka marufuku, hatua iliyozua ubishi mkubwa hadi mahakamani. Mimi si hakimu. Ninachokujulisha ni kwamba mwili wa mtoto anayekesha kwa majani hayo hautambui kama ni halali au haramu.

Heroini, ambayo Pwani huitwa unga, hupunguza mboni zikawa ndogo sana. Mtoto husinzia akiwa ameketi, kichwa kikishuka na kupanda, na hujikunakuna. Dawa inapopungua mwilini, yaani anapopata arosto, mambo hugeuka: miayo mfululizo, kamasi na machozi, jasho, vipele vya baridi, maumivu ya mifupa na tumbo, na kuharisha. Wazazi wengi hudhani ni malaria au homa. Ikiwa "malaria" ya mwanao huja kila anapokosa pesa, kisha hupona baada ya kutoka nje kwa nusu saa, hiyo si malaria.

Gundi na petroli huacha harufu nguoni, vipele kuzunguka mdomo na pua, na kizunguzungu. Usidhani ni tatizo la watoto wa mitaani peke yao. Hewa hizo zinaweza kuusimamisha moyo ghafla, hata kwa anayevuta kwa mara ya kwanza.

Tembe za usingizi na za kutuliza wasiwasi humfanya mtoto aonekane mlevi ilhali hanuki pombe. Mara nyingi hutoka kwenye kabati ya nyumbani, tembe za nyanya au za baba. Zihesabu na uzifungie.

Na kuna pombe, ambayo wazazi hawaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na ile ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara. Lakini sheria haiwezi kuingia sebuleni kwako siku ya sherehe ambapo mjomba anampa kijana "kidogo tu aonje."

Neno moja kuhusu wasichana. Huchelewa kutambuliwa kwa sababu tunawatazama wavulana. Msichana anaweza kuanza kwa pombe tamu au tembe alizopewa na rafiki, na anapokuwa amelewa huwa katika hatari ya kunajisiwa. Dalili nilizotaja ni zake pia.

SI KILA MACHO MEKUNDU NI BANGI

Baada ya kisa cha yule mvulana nilianza kukosea upande wa pili. Nilimhoji msichana mmoja aliyekuwa amekonda na kusinzia kana kwamba niko mahakamani, na kipimo cha damu kikaonyesha kwamba alikuwa na kisukari. Nilimwomba radhi. Kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu au kisukari. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu au simu inayochezewa chini ya blanketi hadi saa tisa za usiku. Kujitenga, kulia na alama kushuka kunaweza kuwa huzuni kuu, uonevu shuleni, au mtu mzima anayemdhulumu kisirisiri. Na mara nyingi mambo hayo huenda pamoja: mtoto mwenye huzuni hutafuta dawa ya kuizima.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari, na umwachie nafasi azungumze naye peke yake. Usichukie ukiombwa utoke nje kidogo. Kuna mambo ambayo mtoto hatayasema mbele yako, si kwa sababu hakupendi, bali kwa sababu anaogopa kukuvunja moyo.

UKISHUKU, UFANYE NINI?

Usianze usiku ule ule. Mtoto aliyelewa hawezi kusikia, na mzazi aliyekasirika hawezi kusikiliza. Hakikisha yuko salama, ngojeni asubuhi. Kabla ya kuzungumza naye, baba na mama, au mama na shangazi, au yeyote anayemlea pamoja nawe, mkubaliane mtakachosema. Mtoto akiona mmoja anafoka na mwingine anamtetea, atapita katikati.

Mweleze ulichokiona, wala si unachomdhania. Badala ya "Wewe umekuwa mvuta bangi, unatuaibisha," sema, "Mwanangu, wiki hii umerudi usiku mara tatu, mwalimu anasema hukufika shule Jumatano, na nimepata karatasi hizi mfukoni mwako. Nina hofu. Niambie kuna nini." Kisha unyamaze. Kimya hicho ni kigumu kuliko maneno yote, lakini ndicho kinachomfungua mtoto.

Huenda akakana. Wengi hukana mara ya kwanza. Mwambie, "Sawa, nimekusikia. Nitakuuliza tena Jumapili, na tutamwona daktari pamoja." Kisha Jumapili uulize kweli. Akikiri, usimwadhibu kwa kusema ukweli. Muulize alianza lini, na nani, anatumia mara ngapi, na kwa nini anaona inamsaidia. Swali hilo la mwisho ndilo lenye jibu la maana.

Kumpiga, kumfukuza nyumbani na kumtangaza mbele ya jamaa hakujamponya mtoto yeyote niliyemtibu. Mtoto aliyefukuzwa huenda kuishi na wale wale waliompa. Wakati huo huo, huruma isiwe ya kumlipia madeni na kumtungia uongo shuleni. Mlipie nauli na karo moja kwa moja badala ya kumpa pesa mkononi. Weka masharti machache yanayotekelezeka, kama vile saa ya kurudi nyumbani, na uyashike.

KUPIMA MKOJO

Wazazi huniuliza kama wanaweza kununua kipimo cha mkojo katika duka la dawa. Kipimo kina kazi yake, lakini kijue mipaka yake. Bangi inaweza kuonekana kwa siku chache kwa aliyeivuta mara moja, na kwa wiki kadhaa kwa anayeivuta kila siku, hivyo kipimo hakisemi alivuta leo au lini. Vipimo vingi vya kawaida havionyeshi gundi wala miraa. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kuleta jibu linalofanana na la heroini. Isitoshe, mkojo uliochukuliwa kwa hila humfundisha mtoto kuwa nyumba ni kituo cha polisi. Pima kwa ushauri wa daktari, na kijana akiwa anajua.

WAKATI WA DHARURA

Mkimbize hospitalini mara moja ikiwa haamki unapomtikisa, anapumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo imekuwa ya samawati au ya kijivu, ana kifafa, au anasikia sauti na kutishia kujidhuru au kudhuru wengine. Mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimpe maziwa wala maji ya chumvi, usimlazimishe kutapika, na usimwache peke yake "alale ipungue." Chukua tembe au chupa uliyoikuta uende nayo, na useme ukweli kwa daktari. Kwa aliyezidiwa na heroini ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha, lakini mhudumu lazima ajue anatibu nini.

Vilevile usimkatize ghafla nyumbani mtoto ambaye amekuwa akinywa pombe au tembe za kutuliza kila siku kwa muda mrefu. Kuacha ghafla kunaweza kumletea kifafa. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.

MATIBABU YAPO

Shirika la Afya Duniani limeorodhesha uraibu wa dawa miongoni mwa magonjwa, na ugonjwa hutibiwa. Mtoto aliyejaribu mara chache mara nyingi husaidika kwa ushauri nasaha na familia iliyobadilisha mwenendo wake. Aliyezama zaidi huhitaji mtaalamu wa akili na pengine kulazwa. Kwa waraibu wa heroini, tiba ya methadoni ilianza humu nchini mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika Pwani. Daktari ndiye ataamua inamfaa nani.

Halmashauri ya kupambana na matumizi ya pombe na dawa za kulevya, NACADA, ina simu isiyolipiwa, nambari 1192, na watoto wenyewe wanaweza kupiga 116 wakiwa na shida yoyote. Kabla ya kumpeleka mwanao katika kituo cha kurekebisha tabia, uliza kama kimeidhinishwa na NACADA, kama kina mhudumu wa afya na mshauri waliosomea, kama watoto hutengwa na watu wazima, na kama utaruhusiwa kumtembelea. Ukisikia habari za minyororo au viboko, toka upesi.

Jiandae pia kwamba anaweza kuteleza tena. Kuteleza si mwisho. Lakini ujue kwamba mwili uliokaa bila heroini kwa wiki kadhaa hupoteza uzoefu, na kipimo alichokuwa akitumia zamani kinaweza kumuua. Wiki za kwanza baada ya kutoka kituoni ndizo za kumkaribia zaidi.

Yule mvulana alilazwa kwa wiki tatu. Sauti zilikoma, na alirudia kidato cha pili katika shule ya kutwa, karibu na nyumbani. Mara mbili alirudi kwenye bangi, na mara zote mbili ni yeye mwenyewe aliyemwambia mamake. Mwaka jana alikuja kwangu akiwa mtu mzima, fundi wa umeme, akilalamikia macho yanayowasha. Safari hii nilimuuliza anakula vipi, analala vipi, kazi inaendaje na anatembea na nani, ndipo nikayachunguza macho. Yalikuwa na mzio kweli.

Mzazi, usiku wa leo kabla mwanao hajalala, mwite mketi pamoja dakika kumi bila simu wala televisheni. Muulize habari za siku yake, na umtazame uso anapokujibu. Usipomzoea akiwa mzima, utamtambuaje siku atakapobadilika?